Kinyesi Chenye Povu Baada ya Kuzaa

SWALI: Ng'ombe wangu wa maziwa yuko katika wiki ya pili tangu azae. Siku ile ile alipozaa nilianza kumpa nafaka iliyoparazwa kwa wingi ili maziwa yapande, lakini sasa kinyesi chake ni chepesi, kina povu na vipande vya punje, na hamu yake ya kula hupanda leo ikashuka kesho. Je, Daktari, nimpe viuavijasumu?

JIBU: Usimpe kabla daktari wa mifugo hajamwona. Dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye chakula zaidi kuliko maambukizi, na dawa hizo zinaweza kuua hata bakteria anaowategemea kumeng'enya majani.

Ng'ombe aliyekaushwa (aliyeachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa) akila majani zaidi huwa na bakteria wengi wa nyuzinyuzi tumboni, na wachache wa wanga. Nafaka nyingi ikiingia ghafla, bakteria wa wanga huzaana upesi na kutoa asidi, ilhali wale wanaoitumia asidi ya laktiki huongezeka polepole, na vijinyama vya kufyonza asidi katika ukuta wa rumeni, yaani tumbo kubwa la kwanza, huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kukua vya kutosha. pH ya rumeni (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikikaa chini ya 5.5 kwa saa nyingi, bakteria wa nyuzinyuzi hudhoofika na ng'ombe huacha kula. Asidi ikipungua hamu hurudi, naye huifakamia tena nafaka ile ile. Wanga uliopita bila kumeng'enywa huchachia katika utumbo mpana, na povu hutoka huko.

Punguza nafaka leo hii na uigawe mara tatu au nne kwa siku, ukitanguliza nyasi kavu ndefu. Kinyesi kikishika, ongeza taratibu, kama nusu kilo kila baada ya siku mbili. Nyasi ndefu humfanya acheue, na mate yake, ambayo huweza kuzidi lita 100 kwa siku, yana baikaboneti inayopunguza makali ya asidi. Wafugaji wengi hutazama ndoo tu. Mimi ningemtazama kwanza akiwa amelala, nihesabu anavyotafuna kila tonge analocheua, kwa maana akimeza kabla ya kufika mara 50, huenda nyuzinyuzi hazimtoshi.

Akikataa chakula kabisa, au masikio yakiwa baridi na kusimama kukamshinda, mwite daktari siku hiyo hiyo, kwani upungufu wa kalsiamu na ketosisi (ugonjwa wa kukosa nishati mwilini) huja katika majuma haya haya.