Pedi mpya, breki inalia

Ndugu, kama breki ya mbele imeanza kulia baada ya kubadilisha pedi, usikimbilie kununua nyingine. Sikiliza kwanza inalia lini.

Ikilia ukikamata breki tu, huenda pedi hazijazoeana na diski. Tafuta barabara tupu, fika kilomita 50 kwa saa hivi, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa. Rudia mara kumi, ukiipa diski nafasi ya kupoa.

Ikilia hata hujagusa breki, nyanyua tairi ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, pistoni za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hazirudi, mara nyingi kwa uchafu uliosukumwa ndani wakati wa kuingiza pedi nene. Usiendeshe hivyo, diski itachemka.

Yangu ililia kama filimbi wiki nzima. Kumbe kile kibati chembamba cha mgongoni mwa pedi nilikiacha kwenye pedi kuukuu nilizotupa! Nilipopata kingine, nikapaka grisi ya breki, ile inayostahimili joto, kwenye pini na mgongoni mwa pedi, ikanyamaza. Grisi iwe kidogo sana, maana ikigusa uso wa pedi umeziua.

Diski nayo ifute kwa dawa ya kusafishia breki, mafuta ya vidole tu yanatosha kuleta kelele.

Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, simama hapo hapo. Angalia kama pedi imewekwa kinyume, mgongo ukatazama diski. Usicheke, hutokea.