Ukurasa Mwingine, Hadithi Ileile

Jumapili usiku nilikuwa nakunja sare za watoto, ujumbe ukaingia kutoka kwa mama mmoja wa Sakina, Arusha. "Dada, binti yangu yuko la tatu. Ukimuuliza kwa mdomo anajibu mpaka unashangaa. Kwenye daftari, sifuri. Mwalimu anasema ni jeuri. Nimpige au nimhamishe?"

Nilimrekodia sauti ya dakika saba, nikaifuta. Nikarekodi nyingine, nikaifuta nayo. Maana hayo maswali yake mimi niliyajibu yote mawili kwa vitendo: nilipiga, kisha nikahamisha. Leo naandika, na anisamehe kwa urefu.

Kwanza niringe kidogo. Matokeo ya kidato cha pili yalipotoka Januari, mwanangu alikuwa na daraja la pili. Pale soko la Pasua niliwaambia hadi wasioniuliza. Aliyekuja kununua nyanya za buku aliondoka na nyanya na matokeo. Anayejua tulikotoka hawezi kunicheka.

Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa amerithi jina la baba mkwe wangu. Kwao ni Old Moshi, na yule mzee ni mmoja wa wazee wa mfongo. Kwa msiojua mambo ya Uchaggani, mfongo ni mfereji unaochota maji ya mto kule juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi vihambani, na kila kihamba kina zamu yake. Zamu za kwetu haziandikwi, zinakaa vichwani mwa watu. Babu akiwa na miaka 7, likizo ya Desemba, alikuta wazee wawili wanagombania maji ya Alhamisi. Akawapangia tangu mwanzo: nani alifungua lini, nani alimwachia nani zamu siku ya msiba. Wazee wakanyamaza. Baba mkwe akasema huyu ndiye atakayeshika jembe la mfongo.

Mtoto huyohuyo hakuweza kuandika neno "mfongo".

Wala sikujua. Kila jioni alinisomea ukurasa mzima, na vituo anaviweka. Siku moja kitabu kikamponyoka, akakiokota kikiwa kimefunguka mahali pengine kabisa, akaendelea na hadithi ileile bila kukwama. Nilicheka mpaka machozi. Alikuwa amekikariri chote kwa kumsikiliza dada yake! Nikaona ni utundu, nikawasimulia watu kanisani kama kichekesho. Laiti ningekaa kimya siku hiyo nikafikiri.

Kiswahili kinamsitiri mtoto wa namna hii. "Ba" ni "ba" popote utakapoikuta, kwa hiyo atajikokota, atachelewa, lakini atafika. Tatizo linaonekana kama uzito tu. Kiingereza hakimsitiri mtu. Herufi zilezile "ough" utazisoma hivi kwenye "though", vile kwenye "through", na kwenye "cough" ni habari nyingine. Nami huko ndiko nilikompeleka, la tatu, Inglish midiam, kwa mkopo wa VICOBA. Kichwani mwangu alishafika Ilboru. Si ndiyo shule ya serikali ya vipaji maalum, na iko hapo Arusha tu? Mtoto anayewapatanisha wazee asiende Ilboru, aende nani?

Akawa wa mwisho. Muhula wa kwanza wa mwisho, wa pili wa mwisho. Alirudi nyumbani viganja vimevimba kwa sababu ya imla. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Sikuwahi kuomba kukiona hicho kitabu. Badala yake, na hapa naandika mkono ukiwa mzito, niliongeza vya kwangu kwa fimbo ya mbuni. Watu waliniambia samaki mkunje angali mbichi, nami nikakunja.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mmoja alisema mbele ya watu wote, "Mama, huyu wako anatushushia wastani." Miaka imepita. Nikilikumbuka hadi leo, nyanya zinaniponyoka.

Aliyetufungua macho ni mwalimu mstaafu tunayesali naye, aliyesomea elimu maalum Chuo cha Patandi, pale Tengeru. Alimpa Babu maswali 20 ayasome mwenyewe na kuyajibu kwa kuandika. Akapata 4. Kesho yake akamsomea yeye maswali ya aina ileile, Babu akajibu kwa mdomo. Akapata 19. Mwalimu akavua miwani, akaniambia, "Mama, huyu si mvivu. Anafanya kazi mara tatu ya wenzake, ndiyo maana anachoka." Ndiye wa kwanza kunitajia disleksia: ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Halina uhusiano na akili kuwa ndogo, haliponi kwa kiboko, na mara nyingi linatembea katika ukoo. Hapo ndipo nikamkumbuka baba yake, ambaye tangu tunachumbiana hajawahi kunitumia meseji. Anapiga simu tu. Mimi nilidhani ni mapenzi.

Sasa mama wa Sakina, sikiliza. Anza na macho na masikio. Usianze na maombi, wala na yule atakayekwambia katupiwa jicho. Sisi tulikwenda KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, tukahakikisha anaona na anasikia, kisha mtaalamu wa tiba kazi akatazama anavyoshika penseli. Na binti akionekana kuwa na kingine, labda usonji au ADHD, ile shida ya kutulia na kumakinika, msilishike jina hilo kama hukumu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na kipaji kikubwa na shida kubwa kwa wakati mmoja, kimoja kikakificha kingine, mkabaki mnamwona wa kawaida asiyejituma.

Pili, nenda kwa mwalimu, lakini usiende kugombana. Ana watoto 80 darasani na chaki moja. Mpelekee daftari, mwombe amuulize binti yako maswali matano tu kwa mdomo mbele yako. Matano tu. Mimi ningefanya hivyo la kwanza, ningeokoa miaka minne. Nenda kwa mwalimu, narudia.

Tatu, mambo ya mitihani yashughulikie mapema. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini taarifa inapelekwa na shule, wakati wa usajili. Mimi nilikwenda na barua mwezi Agosti, mtihani wa darasa la saba ukiwa Septemba, usajili umeshafungwa siku nyingi. Babu akafanya kama wengine, akafaulu kwenda shule ya kata. Ilboru tukaiacha ilipo. Kidato cha kwanza, wiki ya kwanza tu, barua ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule.

Katikati hapo ni kazi isiyo na hadithi. Tulimrudisha shule ya Kiswahili, akasoma silabi dakika 20 kila jioni kama mtoto wa chekechea, dada yake akawa anamrekodia notsi kwenye simu. Hakuna muujiza humo, wazazi wenzangu. Tunapenda mno kuombea watoto wafaulu na hatupendi kukaa nao chini wakisoma. Tunalipa ada ya mamilioni, kumuuliza mtoto "ulipofika pale herufi zilikuwaje?" hatuwezi. Muulizeni! Atawaambia.

Mwezi uliopita tulipanda Old Moshi. Baba mkwe, ambaye habari za ile fimbo alizipata kwa mjukuu mwenyewe, aliniita nyuma ya banda la ng'ombe, akanikabidhi jani la isale. Kwetu aliyekosa humpelekea isale aliyemkosea, na ukiletewa hukatai. Sijawahi kuona mzazi akimpelekea mtoto wake. Nikamwambia mzee watu watatucheka. Akajibu kwamba kwani wakati wa kumpiga niliwauliza watu?

Nikaenda nalo. Babu, miaka 16, ameshanipita kimo, alilipokea kwa mikono miwili na kunitazama kwa muda. "Mama, sasa hili nalifanyaje?" Sikuwa na jibu, koo lilikuwa limeshajifunga. Akashuka nalo taratibu hadi mfongoni, akalichomeka kwenye tope la ukingo, kisha akarudi kuniambia niondoe ndoo zangu, zamu yetu ya maji ilikuwa imeisha.