Nimekuta msokoto katika kaptula ya mwanangu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala. Nikifua nguo, nilikuta msokoto wa bangi, umefungwa katika karatasi ya daftari, ndani ya kaptula ya mwanangu aliyeko kidato cha pili. Baba yake akijua atamchapa na kumpeleka shule ya bweni mkoani. Nizungumze naye vipi bila kumfanya azidi kujificha?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Msokoto huo haujakuambia kijana amevuta mara ngapi, wala kama ni bangi tupu. Majibu anayo yeye, na atakupa iwapo tu mazungumzo ya kwanza hayatageuka kesi. Usimwite sebuleni mbele ya wadogo zake. Mwite akusaidie kuchambua mchele au kukuna nazi, kwa kuwa vijana wengi husema zaidi mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani, kisha utamke wazi: "Nilikuta msokoto katika kaptula yako. Sitakuchapa. Nataka kujua ulikufikiaje." Halafu unyamaze. Hapo ndipo pagumu, maana mzazi huwa na hotuba tayari mdomoni. Vumilia hata akidai kwamba ni wa rafiki yake, umuulize huyo rafiki alianzaje, kwa sababu habari za rafiki mara nyingi ni habari zake mwenyewe.

Akianza kusema, usimtishe kwa uongo. Ukimwambia kwamba anayevuta mara moja hurukwa na akili, ilhali anawaona wenzake wa mtaani wakivuta na jioni wakicheza mpira, hatakuamini tena hata kwa lililo kweli. Ukweli wenyewe unatosha: ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na bangi inayovutwa mara kwa mara katika umri wake hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na kwa baadhi huongeza hatari ya ugonjwa wa akili. Mweleze pia kuhusu kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na heroini, kwa kuwa hapa Dar es Salaam wapo walioingia kwenye unga kwa njia hiyo, na anayepokezwa msokoto kijiweni hana namna ya kujua kilichomo.

Baba usimfiche, ila mwombe akupe nafasi ya kuzungumza kwanza. Kiboko kitamfundisha kijana kuficha vizuri zaidi, na bweni, kwa maoni yangu, litamwondoa machoni penu wakati huu ambapo anahitaji kuonwa kila siku. Hata hivyo msilegeze kamba: bangi ni kosa la jinai, haiingii nyumbani, na adhabu mliyokubaliana, kama kunyimwa simu, itekelezwe.

Ukimwona anatokwa jasho, mafua yasiyo na sababu, maumivu ya viungo na tumbo, na hali hiyo ikatulia ghafla akitoka kidogo, huenda ni arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea heroini na sasa umeikosa. Mpeleke hospitali bila kuchelewa. Matibabu ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache, yalianza Muhimbili mwaka 2011, kisha yakafika Mwananyamala na Temeke, ambako ni karibu nawe. Methadoni haitibu uraibu wa bangi. Kwa huo omba ushauri nasaha hospitalini, au piga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.