Maskati kwa siku moja: nilikata bei, nikabaki na gari tu

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia WhatsApp: "Dada, narudi kutoka Umra na wazee wangu, tutalala Maskati usiku mmoja na tuna mchana mzima wa kutembea. Nikodi mtu wa kututembeza sisi wenyewe, au tupande basi la watalii?"

Nimemjibu kwa maneno matano: chukua mtu, lakini mchague vizuri. Halafu nimekaa na simu mkononi kama nusu saa, maana swali lake limenirudisha kwenye siku nisiyopenda kuikumbuka. Mama yangu ananikumbusha hata nisipotaka.

Mama ni mtu wa Pangani, msusi wa mikeka. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ukili. Miaka mingi nyuma jirani yetu alirudi kutoka Omani akamhadithia habari ya zulia la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ulioko Maskati, mji mkuu wa kule: zulia moja lililotandazwa ukumbi mzima, limefumwa kwa mikono, uzito wake tani 21. Mama akasema huo uongo. Mkono wa binadamu haufanyi hivyo. Lakini tangu siku ile alikuwa akiliulizia, na mimi nilipoanza kupata vijisenti nikamwahidi: nitakupeleka ukalione kwa macho yako.

Sasa mnijue kidogo. Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Guangzhou nimekwenda mara tatu, Istanbul mara mbili, na kwenye ukoo wetu mtu akitaka kupanda ndege ananipigia mimi kwanza. Nikitajiwa bei, mdomo wangu unaikata wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Kariakoo hiyo ni akili. Safari ile ilikuwa ujinga.

Ilikuwa Agosti 2022. Kwa nini Agosti? Tiketi zilikuwa rahisi. Na zilikuwa rahisi kwa sababu Maskati mwezi wa 8 joto linaweza kupita nyuzi 40 na mtu mwenye akili zake hatoki nje. Tulikuwa watatu: mimi, mama na goti lake bovu, na wifi yangu. Mwongoza watalii wa kwanza niliyeongea naye alitaka riyali 60 kwa siku. Riyali moja ni kama dola 2.6, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe. Nikamwambia 30, akacheka, akanitakia safari njema. Nikatafuta, nikatafuta, nikampata mwenye gari aliyekubali riyali 28. Nikajisifu mbele ya wifi. Nikamwambia, unaona, mtu akijua kuongea anaokoa zaidi ya nusu.

Nilichokata hakikuwa bei. Nilimkata mwongozaji mwenyewe, nikabaki na gari.

Nikampa dereva orodha ya sehemu 11. Kumi na moja! Maskati ni mji mrefu kama utepe, umebanwa kati ya milima na bahari, na kutoka upande wa uwanja wa ndege hadi Mutrah, kwenye soko la zamani, ni barabara kuu na magari. Halafu tukatoka hotelini saa nne kasoro, kwa sababu nilisema kifungua kinywa tumeshakilipia, tukile vizuri. Dereva akasema tuanze Mutrah maana ndiko karibu. Sawa. Kutoka pale akatupeleka duka la manukato ambalo halikuwemo kwenye orodha, tukakaa saa nzima na nusu tunapuliziwa mikononi, na yeye anakunywa kahawa na mwenye duka. Nadhani mmeshaelewa. Mwenyeji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa, kule wanaitwa mapapasi, wanaompeleka mgeni dukani ili wapate chao kwa mwenye duka. Tofauti ni kwamba huyu nilimlipa.

Kila tulipofika alisema maneno yaleyale: "Ikulu. Picha, mama, picha." "Ngome. Picha, mama, picha." Mama akauliza ngome ile ya nani. Dereva akasema ya serikali.

Msikitini tulifika baada ya adhuhuri. Mlinzi, mtu wa adabu kabisa, akatueleza kwamba wageni wa kutembea wanaingia kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Nikamwambia sisi ni Waislamu, tumekuja kuswali. Akasema ahlan, karibuni sana, wanawake wanapita huku. Tukaelekezwa ukumbi wa wanawake. Ni ukumbi mzuri, msafi, una baridi tamu, lakini zulia lile liko ukumbi mkubwa wa wanaume. Mwanamke akitaka kuliona, aende na wageni ile asubuhi. Mimi msafiri wa ukoo sikulijua hilo.

Mama akaswali, akamaliza, akapapasa busati lililokuwa chini yake. Akaniuliza, "Ndilo hili?"

"Silo, mama."

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi, tumeswali." Hakuongeza neno, na ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Ijumaa msikiti haupokei wageni wa kutembea. Jumamosi alfajiri tulikuwa na ndege. Kwenye gari nikamgeukia dereva kwa hasira: mbona hukuniambia habari ya saa tano? Akanijibu kwa upole, na maneno yake bado yananiwasha: "Hukuniuliza saa. Uliniuliza bei."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, msomaji wangu wa Morogoro, ni huu: uliza saa. Kabla hujataja pesa, mwulize huyo anayejiita mwongozaji kila sehemu inafunguliwa lini na inafungwa lini. Anayejua atakujibu papo hapo na atakupangia siku kwa kufuata saa hizo. Asiyejua atakwambia usijali. Ukisikia usijali, wewe jali.

Nimerudi Maskati Januari mwaka huu, mimi na wifi, tukiwa safarini kibiashara. Mama hakuja. Goti sasa halikubali ndege, na mwenyewe amesema kusafiri basi. Safari hii nililipa riyali 60 bila kufungua mdomo. Nilitumiwa mama wa makamo, mwenye kibali cha kuongoza watalii, aliyeniomba nisimtaje jina mtandaoni. Nilipomsalimu kwa Kiarabu changu cha kubabaisha akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Mwanangu, umetokea wapi?" Nikamwambia shikamoo nusura nilie. Kumbe kazaliwa Mji Mkongwe, akaondoka mtoto, na familia yao ikahamia Omani miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Anasema Kiarabu amekuja kujifunza ukubwani. Nyumbani kwake bado wanapika maandazi.

Nikampa orodha yangu ya sehemu 11. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Tutakwenda nne," akasema. "Lipi kati ya haya unalipenda kuliko yote?" Nikamwambia zulia. "Basi saa mbili kamili tuko mlangoni."

Na saa mbili kamili tulikuwa mlangoni. Sisi na mabuibui yetu hatukuwa na tatizo la mavazi. Mgeni mwingine ajue mwanamke anafunika nywele, mikono hadi viganja na miguu hadi vifundo, na mwanamume avae suruali ndefu. Dada mmoja mbele yetu alirudishwa kwa sababu ya sketi.

Ndani sikuweza kusema. Juu kuna taa ya kuning'inia yenye urefu wa mita 14, kila mtu anainua simu juu. Mimi nilikuwa nimeinama. Wageni wanapita kwenye ujia uliotandikwa juu ya zulia ili lisichakazwe na nyayo, kwa hiyo nilipiga magoti pembeni ya ule ujia nikalitazama kwa karibu. Yule bibi akachuchumaa na mimi. Akaniambia limefumwa Iran, wafumaji 600 wamelifanya kwa miaka 4, mafundo yake ni bilioni 1.7, na eneo lake ni mita za mraba 4,343. Nikamhadithia habari za mama, ukili, ahadi, riyali 28. Akasikiliza yote. Kisha akatazama saa yake akasema, "Jumba la Opera tutalipita kwa nje. Kaa hapa mpaka utosheke."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hulipia mwongozaji wao peke yao. Ndani ya basi la watalii ningepewa dakika 40 na mtu anapuliza filimbi. Pale nilikaa saa nzima na dakika 20, na Jumba la Opera, ambalo limefunguliwa 2011 na ni zuri kwelikweli, tukaliangalia kupitia kioo cha gari. Sijuti hata kidogo. Wifi anajuta, lakini aandike makala yake.

Maskati ya zamani tulifika jua likiwa bado na huruma, na Januari hata saa saba unatembea. Ikulu ya Al Alam, ile yenye nguzo za buluu na dhahabu, haiingiliki, unaitazama getini. Pembeni yake zimekaa ngome mbili juu ya majabali, Al Jalali na Al Mirani. Safari ya kwanza zilikuwa "za serikali". Safari hii nikaambiwa Wareno ndio waliozijenga miaka ya 1580, miaka michache kabla ya kuanza Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Waomani wakawatoa Wareno hapa Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka 3, wakaitwaa na ile ya Mombasa. Nimepita Ngome ya Yesu mara ngapi nikienda kununua leso Mombasa! Sikuwahi kujua kwamba ina ndugu wawili ng'ambo ya pili ya bahari.

Makumbusho ya Taifa yako mkabala na ikulu, yalifunguliwa 2016. Yule bibi akatuhadithia habari za Seyyid Said, sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, akafa baharini mwaka 1856 akiwa safarini kurudi huko, na wanawe, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, wakagombana mpaka Waingereza wakaamua mwaka 1861 kila mmoja ashike upande wake. Alihadithia kama anasimulia ugomvi wa mirathi wa wajomba zake. Alipofika mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, alinyamaza. Akatuuliza kama tuna kiu.

Dereva wa riyali 28 asingeweza kunipa hicho, hata ningempa 100.

Mutrah tukaingia jioni, maana soko lile hufunga mchana na kufunguka tena alasiri (mnaona? uliza saa). Tulikwenda duka moja tu. Akanifundisha kuchagua ubani wa Dhofar, kusini mwa Omani: ule mweupe unaoelekea kijani ndio ghali, wa hudhurungi ni wa bei ya chini. Mama hufukiza ubani kila Alhamisi jioni na sikuwahi kujiuliza unatoka wapi. Nikamnunulia robo kilo. Hapo bei nilikata, na yule bibi akanisaidia kukata.

Sasa niseme ukweli, na anayechukia achukie. Sisi watu wa kwetu tuna ugonjwa. Tunachangia harusi ya mtu tusiyemjua vizuri, tunashona sare mbili, ya sendofu na ya harusi, hatuulizi. Lakini tukimpeleka mama mzazi safari moja ya maisha yake, hapo ndipo tunakumbuka kubana. Tunabana kwa mtu ambaye ndiye macho na masikio yetu katika mji wa watu. Jamani! Punguza usiku mmoja wa hoteli. Punguza manukato. Acha kupiga picha sehemu 11 ili watu wa kwenye status wajue umefika. Chagua kitu kimoja ambacho mzee wako anakitaka, kiweke asubuhi ya kwanza, na umpate mtu anayekijua. Na uliza saa. Nitarudia mpaka mnichoke: uliza saa.

Na mzee mwenye goti usimpeleke Agosti.

Niliporudi nilikwenda Pangani moja kwa moja, nikaunganisha simu na televisheni ya kaka nikamwonyesha mama video zote. Alitazama bila kusema, mkono mmoja una ukili, kama kawaida yake. Nikamwambia mafundo bilioni 1.7. Akatikisa kichwa. Nikamwambia watu 600, miaka 4. Akasema hao walikuwa na subira. Niliona anaanza kuamini, nikajisikia mtoto mwema kwa mara ya kwanza tangu 2022.

Kisha akauliza, "Pindo lake wamelifungaje?"

Nikasema pindo lipi. Akaniinulia mkeka aliokuwa ameukalia, akanionyesha ukingo: hapa, fundi anajulikana hapa, katikati kila mtu anasuka. Nikapekua simu, picha 212. Taa ipo, kuba lipo, miguu ya wifi ipo. Pindo halimo hata kwenye moja.