Shwari au Upepo? Mashua Mpya Ishushwe Lini

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii ikiwa mashua mpya ya matanga inayoongozwa kwa redio ishushwe majini kwa mara ya kwanza siku ya shwari au siku ya upepo. Swali limenigusa, kwa sababu naamini wengi watawajibu "shwari", na wengi wao watakuwa wanaifikiria mashua ya mota. Hiyo, ikiagizwa irudi, hurudi. Ya matanga ina vitu viwili tu vinavyoitii redio, usukani na demani, yaani kamba ya kuvuta na kulegeza matanga, na upepo usipokuwapo vyote viwili ni mapambo. Ndiyo maana nilishika kalamu nikiwa na jibu moja: siku ya shwari mashua na ibaki nyumbani.

Ushahidi wangu ni chombo cha rafiki yangu, cha daraja la International One Metre, ambalo kanuni zake haziruhusu urefu uzidi mita 1 wala uzito upungue kilo 4. Alikiunda mwenyewe, mataruma, yaani mbavu zake, ya plaiwudi na vibao vyembamba vya balsa, mti mwepesi sana, juu yake, kisha kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Tulifika ziwani alfajiri, maji yametulia kabisa. Alikisukuma kwa kidole, kipepo kikajaza tanga la mbele na kukipeleka hadi mbali, kisha kikakata. Akapeleka kijiti cha rimoti kulia, kushoto, kulia tena. Tuliona maji yakitikisika nyuma ya tezi, yaani mwisho wa chombo, kwa hiyo usukani ulikuwa ukitii, lakini chombo kisicho na mwendo hakigeuzwi na usukani. Tulisimama pale mpaka jua likawa kali.

Upepo ulipokuja ulitokea upande mwingine, tena kwa ghafla. Mashua ilielekeza omo, yaani ncha yake ya mbele, kwenye upepo bila kuambiwa, matanga yakapigapiga, ikasimama, kisha ikaanza kurudi kinyumenyume. Hapo ndipo wengi huvurugikiwa, maana chombo kikirudi nyuma usukani hufanya kazi kinyume, na kila jitihada ya kukigeuza hukirudisha kilipokuwa. Rafiki yangu, ambaye mikono yake ina utulivu kuliko yangu, alilegeza demani yote, akapinda usukani upande ambao mtu asingeutarajia, akangoja omo iuache upepo, ndipo akaanza kuvuta demani taratibu. Ikashika mwendo, ikalalia ubavu, ikakimbia vizuri kwa kitambo kidogo, kisha ikajielekeza tena kwenye upepo ule ule. Ilirudia mchezo huo hadi ukingo wa pili, ikanasa kwenye matete, nasi tukazunguka kwa miguu kuichukua. Mlingoti ulikuwa umelazwa mno kuelekea tezi, kwa hiyo msukumo wa matanga ulikaa nyuma mno ya mkuku, ule ubao unaoshuka majini chini ya mashua, na kuisokota omo kwenye upepo. Tulilegeza kamba ya nyuma ya mlingoti, tukafupisha ya mbele kwa milimita chache, na tabia hiyo ikapungua papo hapo. Kasoro ya namna hiyo shwari haiwezi kuifichua hata ukishinda ukingoni kutwa nzima.

Hata hivyo, kuna sehemu ya asubuhi ile niliyoipita upesi, nayo inanikwaza sasa ninapoandika. Kabla ya ule msukumo wa kidole mashua ilikaa ukingoni muda mrefu, ikielea mbele ya magoti yetu, na ni maji kutulia ndiko kulikotuwezesha kuona kwamba omo ilikuwa imezama kuliko tezi; betri ikasogezwa nyuma. Mota ya demani ilikuwa ikinguruma bila kukoma hata tanga lilipokwisha kuvutwa hadi mwisho, kwa kuwa kamba ilikuwa fupi na mota inaendelea kuvuta kisichovutika huku ikiimaliza betri. Penye upepo na mawimbi mngurumo ule tusingeusikia. Tulipofungua mfuniko tukakuta matone yameanza kukusanyika ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, yakitokea pale mhimili wa usukani unapopenya. Dosari ndogo, na rafiki yangu aliiziba kwa grisi, lakini ukichanganya betri iliyokwisha na ngama iliyojaa maji katikati ya ziwa, hadithi yangu ingekuwa fupi zaidi.

Isitoshe, wanaoshabikia upepo husahau kwamba upepo haupungui kwa sababu chombo ni kidogo. Ukipunguza vipimo vyote vya mashua hadi nusu, nguvu ya upepo ya kuilaza hupungua mara 8, lakini nguvu ya farumi, uzito wa chini, ya kuisimamisha hupungua mara 16. Ndiyo sababu katika daraja hilo zaidi ya nusu ya uzito huwa kwenye mkuku na pande la madini ya risasi lililo chini yake. Mashua ikilala kabisa, antena hukaribia maji, na mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji.

Kwa hiyo mkinitaka neno moja, andikeni "shwari", ingawa silo nililokuja nalo. Lakini shwari hiyo iwe ya kuelea tu, katika maji ya magotini, kwa kuwa mkuku hushuka karibu sentimita 40, na mkono usiiachie mashua mpaka kipepo chepesi kitulie upande mmoja. Kikishatulia, nendeni mkasimame ukingo ule ambao upepo unauelekea, ili mashua ikigoma iletwe kwenu yenyewe. Kwa mwenye ukingo mmoja tu, na upepo wake ukitoka nchi kavu kwenda majini, sina ushauri isipokuwa awe na mtumbwi tayari na mtu wa kupiga kasia.