Dafu limeingia kwenye tundu la chaji? Chomoa kwanza
Pole sana dada. Umesema dafu lilimwagikia upande wa chaji wa laptopu yako jana usiku, na leo taa inawaka na kuzima. Chomoa hiyo chaja sasa hivi, usiendelee kujaribujaribu. Kinachoua laptopu zaidi ni umeme kupita mahali penye unyevu. Izime kabisa, na kama betri ni ya kutoa, itoe.

Dafu si sawa na maji ya bombani. Lina sukari na chumvichumvi, likikauka linaacha utando unaonata. Kwa hiyo habari za kuifukia kwenye mchele achana nazo. Mchele hautoi utando, na vumbi lake ndilo litakaloingia tunduni. Mulika kwa tochi ya simu. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye vile vyuma vya ndani, kutu imeshaanza.

Tafuta spiriti kali, ya asilimia 90 na kuendelea, lowesha mswaki laini kidogo tu, sugua taratibu, kisha iache siku mbili mbele ya feni. Hapa Mtwara hewa yenyewe ina unyevu, saa chache hazitoshi. Kuianika juani pia hapana (mimi niliwahi kupinda kava hivyo hivyo).

Ikigoma bado, mpe fundi aifungue apime. Tundu la duara mara nyingi limeungwa kwa waya, linabadilishwa peke yake. La Type-C (lile dogo bapa, kama la simu nyingi za sasa) kwa kawaida limechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya laptopu, hapo bei inapanda. Na ncha ya chaja nayo iangalie, isije ikawa ililowa pia.