Anayeweza kusema nyumbani "nimepata sapu"

Swali la wiki lilikuwa: mwanafunzi wa chuo kikuu hufaulu kwa malezi ya nyumbani au kwa tabia yake mwenyewe? Mimi napangisha vyumba kwa wanafunzi huku Iyunga, Mbeya, tangu enzi za MIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya hapa, kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2012. Kwa niliyoyaona, siwezi kuvitenganisha hivyo viwili.

Tabia ninayoitazama kwanza ni ukweli. Matokeo ya muhula yakitoka, yupo atakayempigia mama yake jioni hiyo hiyo: "Mama, nimepata sapu," yaani amefeli somo na inabidi arudie mtihani wake. Kesho yake unamkuta kwa mwenzake anayelijua somo, anaelekezwa, na mama kila Jumapili anauliza wamefika wapi. Yupo pia anayenyamaza. Huyo anakwepa hata kundi la kujisomea asije akaulizwa, sapu inazaa keri, yaani somo la kubeba hadi mwaka unaofuata, na nyumbani wanakuja kujua siku amedisko, ameondolewa chuoni kwa kufeli. Akili anazo. Ukimdadisi taratibu, wengi wa namna hii watakwambia kwao matokeo mabaya yalipokelewa kwa fimbo na matusi tangu shule ya msingi. Walizoea kuficha mapema.

Watu husema umaskini ndio unaofelisha. Sikubaliani. Mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Makete hatishwi na baridi wala kukesha na daftari, na nimeona watoto wa wenye nacho wakishindwa kuamka tu kwenda kipindi cha asubuhi. Kinachomwangusha huyu wa Makete mara nyingi ni bumu, fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo. Ni shilingi 10,000 kwa siku. Novemba mvua zinaanza, baba anataka mbolea. Januari mdogo wake anahitaji sare na madaftari. Mtoto mwenye huruma hawezi kukataa. Anatuma, halafu anakula mlo mmoja na kukosa vipindi akitafuta kibarua sokoni Mwanjelwa. Huruma hiyo tumempandikiza sisi wenyewe, na ni njema, lakini inatumika wakati usio wake.

Wazazi wenzangu, bumu aachiwe. Pigeni simu katikati ya muhula, muulize somo gani linamsumbua hata kama jina lake hamlielewi. Na matatizo ya nyumbani, kama kesi ya mpaka wa shamba, yasubiri amalize mitihani.